Utafiti Wako Usiishie Kwenye PDF

Jarida limekubali makala yako. Hongera. Sasa tuongee kazi iliyobaki, maana hiyo ndiyo itakayowafikia watu.

Makala ya kitaaluma husomwa na wenzako wa fani hiyohiyo, wale wenye njia ya kulifungua jarida. Mkulima, muuguzi, mwalimu, diwani na mwandishi wa habari hawamo. Wao wako kwenye simu. Simu hiyo unayo na wewe, na ukijipanga, kazi nzima itakuchukua siku chache. Twende.

Mchague mtu mmoja

Usianze na mtandao. Anza na mtu. "Umma kwa ujumla" huwezi kuuandikia, kwa sababu hujui umma huo unajua nini wala unataka nini. Chukua karatasi uandike mambo matatu: kazi ya mtu huyo, mahali anapoishi, na uamuzi anaoufanya ambao utafiti wako unaugusa. Labda ni mama anayelima mahindi Kongwa, anayeamua aanike wapi na aweke ghalani lini. Labda ni afisa ugani wa kata. Labda ni mhariri wa gazeti la Kiswahili.

Mtu huyo ndiye atakayekuchagulia mtandao. Mkulima ana WhatsApp, au ana kitochi na redio. Afisa wa wizara anasoma barua pepe, na WhatsApp anayo pia. Waandishi wa habari, wafadhili na watafiti wenzako utawakuta X na LinkedIn. Vijana wako TikTok, Instagram na YouTube. Kama muda wako unatosha mtandao mmoja, chukua mmoja uufanye vizuri. Akaunti sita zilizolala hazimsaidii mtu.

Kuanzia hapa nitatumia mfano mmoja: sumukuvu kwenye mahindi. Watafiti wetu wamelifanyia jambo hili kazi kubwa, na bado linaua. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, waliugua watu 68 na 20 wakafariki. Maarifa ya kukausha na kuhifadhi nafaka yapo kwenye majarida tangu zamani. Yanatakiwa yafike uwanjani, pale mahindi yanapoanikwa.

Sentensi moja kabla ya kitu chochote

Kabla hujafungua Canva, kabla hujashika kamera, andika sentensi moja, ikizidi sana tatu fupi, ambayo mtu wako anaweza kumwambia jirani yake. Ikikushinda, bado hujajua unachotaka kusema.

Tazama ikisiri ya kawaida inavyoanza: "Utafiti huu ulilenga kubaini viwango vya uchafuzi wa sumukuvu katika mahindi yaliyohifadhiwa katika ngazi ya kaya, pamoja na vihatarishi vinavyohusiana na uchafuzi huo." Kwenye jarida ni sahihi kabisa. Kwenye simu, mtu ameshapita.

Sasa mwandikie mkulima: "Mahindi yaliyoanikwa chini kwenye udongo yanaweza kuota kuvu wanaotoa sumu. Kupika hakuiondoi. Anika juu ya turubai, na usiyaweke ghalani mpaka yakauke."

Mwandikie afisa wa wilaya: "Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 Dodoma na Manyara. Kabla ya mavuno yajayo, vijiji vyetu vinahitaji maturubai na mafunzo ya kukausha nafaka."

Mwandikie mhariri: "Unga unaweza kuwa na sumu isiyoonekana kwa macho, na moto wa jikoni hauiondoi. Hivi ndivyo inavyoingia, na hivi ndivyo familia inavyoweza kuizuia."

Utafiti ni uleule. Kilichobadilika ni msikilizaji na kile unachomwomba afanye. Angalia pia kilichoachwa nje: mbinu za sampuli, jina la Kilatini la kuvu, marejeleo. Hivyo vipo kwenye makala kamili, na anayevitaka utampa linki.

Ukishaandika, msomee mtu asiye wa fani yako. Mpigie shangazi, au msomee jirani wa chumba cha pili. Kisha mwambie akueleze alichosikia. Pale anapokwama ndipo pa kurekebisha. Usimfafanulie kwa mdomo ukaishia hapo, maana kwenye simu za watu hutakuwepo kufafanua.

Neno la kitaalamu likikushinda, tumia lile ambalo watu wa pale tayari wanalo. Waulize. Mkulima ana majina yake ya magonjwa ya mimea, na muuguzi wa zahanati anajua wagonjwa wake wanayaitaje maradhi yao.

Tafuta sura moja

Watu hukumbuka kisa. Takwimu ziko nyuma yake, zikikishikilia.

Chukua kazi ya APOPO, walioko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na kutambua kifua kikuu kwenye makohozi. Ni sayansi inayohitaji maelezo marefu. Lakini mwaka 2020 panya mmoja, Magawa, alipewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Picha ya panya aliyevaa medali shingoni ikazunguka dunia. Aliyeiona alielewa kazi yenyewe bila kusoma ukurasa hata mmoja.

Erasto Mpemba naye alituachia somo la kusimulia, kabla hata ya intaneti. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa kwenye friji ukiwa moto ukiganda kabla ya ule uliopozwa kwanza. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, walichapisha jambo hilo kwenye jarida la Physics Education. Mpemba anasimulia mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza: shule, friji, na walimu waliomwambia amekosea. Kichwa cha makala yao ni neno moja la Kiingereza na alama ya kuuliza: "Cool?" Wanafizikia bado wanabishana kuhusu jambo lenyewe, lakini jina la kijana wa Tanzania limebaki kwenye mjadala huo hadi leo.

Basi nenda kwenye daftari lako la uwandani. Kuna siku ulikutana na jambo lililokushangaza. Anzia hapo.

Hakikisha linki inafunguka

Hili ni dogo na wengi hulisahau. Zima Wi-Fi ya chuo. Fungua linki ya makala yako kwa simu, kwa bando lako mwenyewe. Ikiomba dola, msomaji wako ameshaondoka.

Tafuta nakala ya wazi. Ingia Open Policy Finder (zamani Sherpa Romeo) uangalie sera ya jarida lako. Majarida mengi yanakuruhusu kuweka toleo lililokubaliwa, yaani lile ulilotuma baada ya marekebisho lakini kabla jarida halijalipanga, kwenye hazina ya machapisho ya chuo chako. Mengine yanataka miezi kadhaa ipite kwanza. Muone mkutubi. Kazi hii wanaijua, na mara nyingi hakuna anayewauliza.

Ufungue ukurasa wa ORCID kama bado huna. Ni bure, na unapata namba ya tarakimu 16 inayokutofautisha na kina Juma na Wanjiku wengine wote wanaochapisha. Iweke kwenye sahihi ya barua pepe yako.

Kisha fanya kitu ambacho watafiti wachache wanakifanya: andika muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili na uuweke Zenodo. Hazina hiyo inaendeshwa na CERN, ni bure, na kila unachoweka kinapewa DOI. Maana yake muhtasari wako wa Kiswahili unakuwa chapisho linaloweza kunukuliwa, na linki yake inabaki palepale hata tovuti ya mradi ikifungwa. Miradi inaisha, na tovuti zake huisha nayo. Weka na picha, hojaji na data zisizo na taarifa za watu.

WhatsApp: hapa ndipo penye watu

Kama muda wako ni mdogo, utumie wote hapa. Wazazi wa shule wana kundi. Vicoba wana kundi. AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), kwaya, wahitimu wa mwaka fulani, wote wana makundi. Kazi yako ni kuandaa kitu kinachostahili kupita humo.

Andaa picha moja, sauti moja na linki moja. Usitume PDF ya kurasa 30. Inakula bando, na kwenye kioo kidogo haisomeki.

Kwenye picha weka maneno machache, herufi kubwa, rangi mbili zinazotofautiana vizuri. Jambo moja tu kwa kila picha. Halafu sikiliza hili kwa makini: jina lako, chuo chako, mwezi na mwaka viandikwe ndani ya picha yenyewe. Ujumbe wa WhatsApp ukishasambazwa mara tatu hupoteza mwenyewe. Miaka miwili baadaye utakuta picha yako inazunguka na maneno "kama nilivyoipokea", na mtu wa Mwanza hajui kama ni ya jana au ya zamani. Tarehe iliyomo ndani ya picha inamwokoa.

Sauti ndiyo silaha yako kubwa. Inamfikia asiyependa kusoma, asiye na miwani, na anayepika huku anasikiliza. Iwe dakika moja, ikizidi sana dakika mbili. Sema hivi: wewe ni nani, umegundua nini, msikilizaji afanye nini, na akiwa na swali apige wapi. Taja mwezi na mwaka. Usisome karatasi, utasikika kama tangazo la msiba. Andika vidokezo vinne na uongee kama unamwelekeza mdogo wako. Rekodi chumbani penye mapazia na kitanda, feni ikiwa imezimwa.

Usijitumbukize kwenye kundi na kutupa ujumbe. Mpigie admini kwanza. Jitambulishe, mweleze, mwombe yeye autume. Ujumbe wa mwenyekiti wa AMCOS au wa mwalimu mkuu unasikilizwa kwa sababu watu wanamjua. Ujumbe wa namba ngeni unafutwa.

Toa namba ya kuuliza maswali, na iwe laini tofauti na ya familia. Weka saa za kujibu na uzitangaze. Andika maswali yanayorudi mara kwa mara, kwa sababu hayo ndiyo mada za sauti zako zinazofuata. Na mara nyingi humo ndimo utakapolikuta swali la utafiti wako ujao.

Idara au kituo chako kikiwa na watu wa kuisimamia, fungueni Chaneli ya WhatsApp. Humo wanaofuata hawaoni namba za wenzao, na hakuna anayeweza kumwaga ujumbe wa biashara katikati.

Video: onyesha mikono ikifanya kazi

Video ya mtafiti amekaa nyuma ya meza akiongea, nani ataimaliza? Video ya mikono ikifanya kitu cha manufaa hutazamwa hadi mwisho na kutumwa kwa mwingine.

Turudi kwenye mahindi. Kuna kipimo cha chumvi ambacho mkulima anaweza kukifanya bila kununua kipima unyevu. Hebu tukipange kama video ya dakika moja hivi.

Picha ya kwanza: kiganja chenye punje za mahindi, na sauti inauliza, "Yamekauka ya kutosha kuweka ghalani?" Usianze na nembo ya mradi wala wimbo. Sekunde tatu za mwanzo zibebe swali.

Picha ya pili: chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Mimina mahindi, robo ya chupa. Weka vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Kamera ikae karibu, watu waione chumvi.

Picha ya tatu: funga, tikisa kwa dakika moja, kisha chupa iachwe itulie dakika 15. Hapa kata video, na uandike "dakika 15 baadaye" kwenye kioo.

Picha ya nne, ndiyo yenyewe: chupa mbili zikiwa pamoja. Kwenye moja chumvi imeganda ukutani. Kwenye nyingine chumvi imeteremka chini, ukuta ni safi. Sema: "Chumvi ikiganda, unyevu umezidi asilimia 15. Rudisha juani."

Picha ya mwisho: sema kile ambacho kipimo hakifanyi. "Kipimo hiki kinaonyesha unyevu tu. Hakionyeshi kama sumu tayari imo." Usiikate sentensi hiyo ili video iwe fupi. Mtu akiondoka anaamini chupa ya chumvi inapima sumu, umemdhuru.

Piga video kwa simu ya kawaida, wima, jua likiwa nyuma yako wewe unayepiga. Futa lenzi kwa kitambaa. Upepo ukivuma, rekodi sauti baadaye chumbani na uibandike juu ya picha. Weka maandishi chini ya video, kwa sababu watu wengi hutazama wakiwa wamezima sauti, na kuna wasiosikia. Video moja utaitumia YouTube Shorts, TikTok, Instagram na status ya WhatsApp. Huhitaji kupiga nyingine.

Fursa ya jukwaa kubwa ikija, ichukue ukiwa umejiandaa vilevile. Mwaka 2017, TEDGlobal ilipofanyika Arusha, Fredros Okumu wa Taasisi ya Afya Ifakara alipanda jukwaani kuzungumzia mbu. Hotuba ile bado ipo mtandaoni na bado inatazamwa. Dakika chache zilizoandaliwa vizuri zinaendelea kufanya kazi wewe ukiwa maabara.

X, LinkedIn na magazeti

X ni ya kuwafikia waandishi wa habari, watunga sera na watafiti wenzako. Andika uzi mfupi, posti tano au sita. Ya kwanza ibebe ugunduzi wenyewe. Usianze na "nina furaha kutangaza". Ya pili ieleze kwa nini ni muhimu hapa kwetu. Ya tatu iwe na picha au grafu moja yenye maelezo ya picha kwa wasioona. Ya mwisho iwe na linki ya wazi. Wataje waandishi wenza na chuo. Ukiweza, andika uzi wa Kiswahili na wa Kiingereza, kila mmoja peke yake. Ukichanganya lugha kwenye uzi mmoja, nusu ya wasomaji wanakuacha njiani.

LinkedIn haitaki mengi. Aya tatu, picha moja, linki.

Ukitaka kuwafikia wasomaji wengi kwa mpigo mmoja, andikia The Conversation Africa, iliyoanza mwaka 2015. Wanapokea makala kutoka kwa wanataaluma na watafiti tu, mhariri wao anakaa na wewe kwenye rasimu, na haichapishwi mpaka wewe mwenyewe uridhie. Makala zao ziko chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo magazeti mengine yanaweza kuzichapisha tena bure. Tuma wazo kwanza, aya mbili: umegundua nini, na kwa nini sasa.

Usiishie kwa Kiingereza. Mwananchi, Nipashe na Taifa Leo wanahitaji habari za sayansi zilizoandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka. BBC Swahili na DW Kiswahili wanahitaji sauti za wataalamu wanaoweza kujieleza bila kukimbilia Kiingereza kila sentensi ya tatu. Uwe na majina na namba za waandishi wawili au watatu wa afya, kilimo au mazingira. Watumie ujumbe mfupi, siku tatu kabla ya makala kutoka. Kama jarida limeweka zuio la tarehe, liandike juu kabisa ya ujumbe. Mwandishi akikupigia, pokea. Habari ya saa nne asubuhi haikusubiri mpaka kikao chako kiishe.

Redio ya mkoa usiidharau. Nenda, hojiwa, kisha omba faili la sauti. Likate vipande vya dakika moja moja na uvitume WhatsApp.

Na kuna Wikipedia ya Kiswahili. Mwanafunzi wa kidato cha nne akitafuta kitu kwenye simu, anaweza kuishia hapo. Chagua makala moja ya fani yako iliyo fupi au iliyopitwa na wakati, uipanue kwa vyanzo vya kuaminika. Usiende kujinukuu mwenyewe peke yako. Andika kuhusu mada, na taja kazi za wenzako.

Kabla hujabonyeza "tuma"

Hapa usikimbie.

Picha za watu zinahitaji ridhaa yao, na ridhaa ya kushiriki utafiti si ridhaa ya kuonekana TikTok. Rudi kwa mhusika. Muonyeshe picha, mweleze itakwenda wapi na kwamba ikishasambaa huwezi kuirudisha. Akisita, acha. Kwa watoto na wagonjwa, piga picha ya mikono, ya vifaa, ya mandhari.

Ondoa majina, namba za simu na alama za ramani zinazoonyesha nyumba ya mtu. Kijiji kidogo chenye mgonjwa mmoja usikitaje, maana jirani atajua ni nani. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kibali chako cha maadili nacho kina masharti yake, kisome tena. Ukiwa Tanzania na unapanga kufungua chaneli au tovuti ya kurusha maudhui mfululizo, soma kwanza kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) za maudhui ya mtandaoni, kwa sababu baadhi ya watoa maudhui wanatakiwa kuwa na leseni.

Waandishi wenza waone maneno kabla hayajatoka. Mfadhili naye huenda ana masharti ya nembo na shukrani. Barua pepe moja inamaliza yote hayo.

Kuhusu namba: toa idadi kamili, usitoe asilimia peke yake. "Hatari imeongezeka kwa asilimia 100" inatisha. "Kutoka mtu mmoja hadi wawili katika kila 10,000" inaeleweka. Kama ulitafiti wilaya moja, sema ni wilaya moja. Kama makala bado haijapitiwa na wanataaluma wengine, liseme hilo kwenye posti ileile, wala usilisubirishe hadi uulizwe. Ukikosea, sahihisha hadharani na mapema, kwenye mtandao uleule na kwa wale wale uliowatumia.

Watakuja wabishi. Anayeuliza, hata kwa ukali, mjibu kwa upole na ushahidi. Anayetukana, mwache. Muda wako ni wa yule wa kwanza.

Chagua siku

Kalenda inakufanyia nusu ya kazi. Utafiti wa malaria utoe karibu na tarehe 25 Aprili. Wa kifua kikuu, tarehe 24 Machi. Wa lugha na fasihi, tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Wa kilimo, wiki ya Nane Nane, waandishi wakiwa tayari viwanjani wanatafuta mtu wa kuongea naye. Lakini mkulima ana kalenda yake. Ujumbe wa kukausha mahindi utume wiki mbili au tatu kabla ya kuvuna. Ukiutuma baada ya mahindi kuingia kihengeni, umemchelewesha mwaka mzima.

Kama wiki nzima huna, gawa hivi: jioni moja kwa sentensi na muhtasari wa Kiswahili, jioni moja kwa picha na sauti, Jumamosi asubuhi kwa video. Siku ya kutoa, kaa karibu na simu.

Pima kinachopimika, na kilicho na maana

Idadi ya "likes" itakufurahisha kwa siku moja. Andika mambo mengine kwenye daftari: nani alipiga simu, aliuliza nini, afisa gani aliomba nakala, kituo gani cha redio kilikuita, mwalimu gani aliipeleka darasani. Altmetric itakuonyesha makala yako inatajwa wapi kwenye habari na mitandao, na Zenodo itakuonyesha muhtasari wako umepakuliwa mara ngapi. Vichukue, vinasaidia siku ya kupandishwa cheo. Lakini simu tano za wakulima wanaouliza turubai linapatikana wapi zina uzito kuliko watazamaji elfu waliopita tu.

Jambo la mwisho, na hili ulifanye mapema. Kazi hii ina gharama: bando, laini ya pili, kijana wa kuhariri video, nauli ya kurudi kijijini kuomba ridhaa na kupeleka majibu. Usiitoe mfukoni mwako kila mara. Kwenye andiko lako lijalo la kuomba fedha, weka fungu la mawasiliano kwenye bajeti, liandike kwa jina lake na utaje kila kitu kilichomo. Wafadhili wengi hulikubali likiwa limeelezwa vizuri. Kama andiko liko mezani kwako wiki hii, lifungue leo na uongeze mstari huo kabla hujalituma.